Nilivyomwacha Shamte Alale

Ijumaa iliyopita tulimzika Shamte hapa Kibiti, na mimi nilikaa mkekani pamoja na wafiwa, kushoto kwa mwanawe mkubwa, nikipokea mikono ya watu. Binti yake, Zuhura, ndiye aliyekuja kuniita. Alisimama barazani kwangu, kanga kichwani, akasema, "Baba mdogo, kaka yako ametutoka." Nikavaa kanzu nikamfuata. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia kwamba mimi si mdogo wa baba yake. Sikuyapata, na tulipofika nilikuta mahali pangu pameshatengwa. Watu nisiowajua walinishika kwa mikono miwili wakanipa pole ya kufiwa na ndugu. Shehe alipouliza kama yuko mwenye kinyongo na marehemu, aseme au amsamehe, wote waliitikia kwamba wamesamehe, na mimi nikatikisa midomo bila sauti. Tangu ujana wangu sina ulimi mbele ya watu. Kalamu ninaiweza kidogo, kwa madarasa matatu niliyosoma baada ya vita, ingawa naandika polepole na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Basi nitayasema hapa niliyoyatafuna pale mkekani. Sijamsamehe. Nilimtaka afe mwaka ule wa Maji Maji, akiwa na nguvu zake, na si juzi, mzee, juu ya godoro, wajukuu wakimpepea.

Mwaka ule mimi na Mtupa tulichukuliwa siku moja, kutoka kwenye shamba la pamba la jumbe, mara tu habari zilipofika kwamba Wamatumbi wameng'oa pamba milimani na vita vimeanza. Tulidhani tunapelekwa kuchuma shamba jingine. Tukapelekwa Salale, kwenye matope na mikoko, tukapangwa mstari, na kila mmoja akawekewa mzigo mbele ya miguu yake. Mtupa alikuwa ndugu yangu wa kuchanjiana. Vijana wa leo desturi hiyo wanaisikia tu, kwa hiyo nitaieleza. Wawili wanaopendana hukaa uso kwa uso, huchanjwa kidogo kifuani, ini la kuku hukatwa vipande viwili, kila kipande kikapakwa damu ya mmoja, na mwenzake akakila. Mtu wa tatu husimama juu yao akinoa kisu kwa kisu na kusema maneno, nao huyarudia. Atakayemwaga damu ya mwenzake, tumbo limvimbe. Atakayeombwa na mwenzake akakataa, naye aombe asipewe hata maji. Baada ya hapo ninyi ni ndugu kuliko waliotoka tumbo moja, kwa kuwa wale hawakuchaguana. Sisi tulichanjiana nyuma ya jiko la mjomba wake, mwaka mmoja kabla ya vita. Mtupa alitafuna kipande chake huku akicheka, akasema damu yangu haina chumvi. Yeye alikuwa msemaji wa sisi wawili. Nikitaka kitu kwa mtu, nilimnong'oneza Mtupa, na Mtupa akaomba.

Shamte alikuwa mnyapara wa wapagazi. Hakuwa askari, ila alivaa koti la kaki lisilo na vifungo na alitembea na kiboko mkononi na pembe ya paa shingoni. Pembe ikilia mara moja, tunanyanyua. Ikilia mara mbili, tunatua. Katikati ya milio hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukaa, hata awe na mwiba mguuni, hata awe anaharisha. Shaushi na askari wake walitembea mbele na nyuma na bunduki, nao hawakutugusa sana, kwa sababu walikuwa na Shamte. Siku ile tulitoka kwenye maji alfajiri kuelekea Kibiti. Mtupa alibebeshwa turubai, hema la mzungu lililokunjwa na kufungwa kamba, ambalo lilinyonya umande na kuwa zito kuliko sanduku lolote. Jua lilipopanda tulifika mahali pa mchanga mwingi, penye mikoche michache iliyosimama mbalimbali, na Mtupa akautua mzigo, akakaa kando yake. Shamte akaja mbio akamuuliza pembe imelia mara ngapi. Mtupa akamjibu kwa sauti ya adabu kabisa.

"Mimi sijachoka, Bwana Mnyapara. Mzigo ndio umechoka. Nimeukalisha chini upumue."

Mstari mzima ukacheka. Kicheko kile kilitoka mwisho wa msafara hadi mwanzo wake, na mbele kabisa nilimwona shaushi amegeuka, naye anacheka, na macho yake yako kwa Shamte. Nimefikiri sana tangu hapo, na nina hakika kwamba bila kicheko kile Mtupa angekula viboko vitatu akanyanyuka. Shamte alimpiga mpaka kiboko kikamteleza mkononi, kisha akampiga kwa teke la mbavu, mara nyingi. Mtupa alinyanyuka. Aliubeba tena mzigo ule, akatembea mpaka alasiri, na damu ilikuwa inamtoka mdomoni kidogokidogo, naye anaifuta begani. Halafu akaanguka mbele yangu, kifudifudi, mguu mmoja umekatiza njia. Shamte akaupakua mzigo wa turubai, akamgeuza Mtupa kwa ncha ya mguu, akaniangalia mimi niliyekuwa wa nyuma yake. Mzigo wangu ukagawiwa wengine, nikabebeshwa turubai. Pembe ikalia. Hatukumzika. Mimi ndugu yake niliuruka mguu wake nikaendelea na safari, kwa hofu, na kwa kuwa sikujua namna ya kusema mbele ya watu wote wale kwamba huyu ni wangu.

Tangu siku ile nilitembea nyuma ya Shamte. Tulishuka Ikwiriri, tukavuka mto, tukapanda kwa Wamatumbi, tukarudi, tukapanda tena. Miezi yote ile niliyaona mambo ambayo wengine wameyasimulia vizuri kuliko nitakavyoweza, vijiji vinawaka, ghala za mtama zinawaka pamoja na mtama wake, watu wazima wanachimba ming'oko, viazi vya porini, kwa kucha. Lakini nikiulizwa nilichokiona hasa, nitasema nilivyoviona ni visigino vya Shamte. Nilivijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Cha kushoto kilikuwa na ufa wa kukingama, cha kulia kimeota sugu kama kifungo. Juu ya kichwa changu lilikuwa lile turubai, nami chini yake nikipanga. Nilipanga jiwe. Nilipanga kisu cha mpishi. Nilipanga kumsukuma kwenye mawe tunapovuka vijito. Kila nilipopanga nilichelewa, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchelewa, na pembe ililia kabla sijamaliza kufikiri. Hatukupata kamwe muda wa kukaa mpaka wazo likomae. Nadhani ndiyo maana ya kuwatembeza watu bila kuwapumzisha, wasipate kufikiri jambo hadi mwisho wake.

Masika yalipokatika tulirudishwa Salale kuchukua mizigo mingine. Kwenye matope, maji yakiwa yamekupwa, Shamte alikanyaga mzizi wa mchu, aina ya mkoko, uliochongoka, ukaingia wayoni ukakatikia ndani. Siku ya pili mguu ulivimba kama kinu. Siku hiyohiyo mimi nilishikwa na homa, nikaanguka na turubai langu ndani ya mtumbwi. Shaushi hakutaka wagonjwa. Akatuteremsha wote wawili pamoja na mzigo ule kwenye shamba la mpunga la bibi kizee mmoja, akamwambia tukipona tumfuate kambini Kibiti, tusipopona atume habari. Bibi alimuuliza atume kwa nani, kwa mamba? Jina lake lilikuwa Bi Hija. Alikuwa mfupi, mkavu, tumbaku daima shavuni, na aliishi peke yake juu ya dungu. Huku delta mpunga ukianza kubeba, watu huhama nyumba zao wakaishi juu ya madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, ili wafukuze ndege mchana, na viboko wa mtoni na nguruwe wanaokuja na giza. Chini ni maji na mpunga. Juu ni sakafu ya fito, paa la makuti, jiko la udongo pembeni, na ngazi ambayo huvutwa juu. Nikafika pale nimepanda mgongoni mwa mvuvi, na Shamte akafika amebururwa.

Siku za kwanza sizikumbuki. Nakumbuka tu kwamba niliamka mara nyingi nikisubiri pembe ilie, haikulia, nikalala tena. Homa iliponiachia kidogo, Bi Hija alinipa kazi ya mgonjwa. Kamba ilitoka kwenye dungu ikapita juu ya shamba zima, nayo imefungwa vifuu vya nazi viwiliviwili. Ukiivuta, vifuu vinagongana na ndege wanaruka. Nikalala chali siku nzima kamba imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Kwelea wakishuka kama wingu, navuta. Wakiondoka, natazama makuti. Bi Hija yeye alisimama ukingoni na teo lake, anarusha madonge ya udongo, anawatukana ndege kwa majina ya watu wa Salale anaowajua. Nikisinzia ananigusa kwa mpini wa teo. Alikuwa ananiita mume wake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. "Mume wangu, amka, ndege wanakula mahari yangu." Jioni alikaanga mpunga uliokuwa haujakomaa sawasawa, akautwanga kwenye kinu kidogo tukala pepeta ya moto, laini, inanukia kama majani baada ya mvua. Mwili wangu ulikuwa umesahau kwamba upo kwa jambo jingine zaidi ya kubeba. Shingo ilinirudia taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu shamba la pamba, niliweza kukaa na wazo moja asubuhi, nikalikuta lipo palepale jioni, limenenepa.

Shamte alilala upande wa pili wa jiko, hatua tatu kutoka kwangu. Alikuwa analalamika kwa adabu, kama mgeni. Bi Hija hakumhurumia. Siku moja alijaribu kumwelekeza bibi namna ya kupanga kuni, naye akamwambia, "Bwana Mnyapara, pembe unayo. Ipige basi, tuone kama kwelea watajipanga mstari." Mimi nikacheka, na nilipocheka nilimtazama usoni, nikitaka awe Shamte yule wa kwenye mchanga. Akacheka na yeye. Kisha akasema, "Unasikia, ndugu yangu? Bibi huyu ananionea." Neno lile la ndugu nililisikia nikalipuuza. Nilidhani ni ulimi wa mgonjwa anayetaka kupendwa. Lakini alilirudia kesho yake, na kesho kutwa, na chakula kikitengwa alikuwa ananisogezea mimi kwanza kipande cha samaki. Nikasema moyoni, anaogopa. Ameona macho yangu. Basi na aogope, nitakuwa sijapoteza siku hizi.

Siku mpunga ulipoanza kugeuka rangi, nguvu zangu zilikuwa zimerudi. Kisu cha Bi Hija cha kuvunia nilikuwa nimeshakinoa mwenyewe. Nilishuka kumsaidia kutwanga juu ya tuta, mbali na dungu, na kwa kuwa sikuwa na Mtupa wa kunisemea, nikasema mwenyewe, macho yangu yakiwa ndani ya kinu.

"Bibi, mtu yule nitamwua."

Hakuacha kutwanga. "Humwui," alisema. "Umeshakula ini lake."

Nilidhani ananitania. Akanieleza huku mchi ukipanda na kushuka. Siku ya pili ya kufika kwetu alichinja kuku kwa ajili ya kutupa nguvu. Alichanja mguu wa Shamte pande zote za uvimbe ili autie dawa, halafu akanichanja mimi kifuani kwa ajili ya homa, kwa wembe uleule, bila kuufuta. Halafu akachukua ini, akalikata mara mbili kwa wembe huohuo, akatulisha, kila mmoja kipande chake. Nilifunua nguo yangu nikaziona chale, mistari miwili midogo, chini kidogo ya zile za Mtupa. Kila siku nilikuwa nimeziona nikadhani ni dawa tu. Nikamuuliza alifanyaje jambo kama hilo.

"Nilikuwa na wembe mmoja na kuku mmoja. Ulitaka niende Salale nikaazime kuku kwa Mjerumani?"

"Lakini hatukula kiapo."

"Wewe hukula, ulikuwa unaweweseka. Mwenzio alikuwa macho. Alipoona wembe na ini akanitazama, akajua. Akasema maneno yote, yake na yako."

Mpaka leo sijui kama Bi Hija alikosea au alikusudia. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alitema tumbaku akanielekeza kwenye kazi. Lakini ninajua nilichokifanya mimi. Nilikwenda nyuma ya tuta nikatia vidole kooni, nikijaribu kutapika ini nililolila mwezi mzima nyuma. Lililonichoma zaidi halikuwa kwamba nimekula damu ya Shamte. Lilikuwa kwamba yeye amekula yangu, na katika damu yangu imo ya Mtupa. Mtupa alikuwa amelala kwenye njia ya Kibiti bila sanda, na mtu aliyemlaza pale alikuwa sasa ni ndugu yake, kwa mkono wangu, kwa mwili wangu, mimi nikiwa nimefumba macho. Na sikuthubutu kukipuuza kiapo. Nilikuwa kijana wa huku. Nilikwishawaona watu waliovimba tumbo.

Hapo ndipo dungu lilinifaa. Kama tungekuwa safarini, ningekufa na hasira ile njiani, au ningemchoma kisu nikangojea tumbo langu livimbe. Lakini nililala chali, kamba kidoleni, siku tisa nzima, ndege wakipanda na kushuka, nikiyageuza maneno ya kiapo moja moja kama mtu anayechambua mchele. Ni maneno mawili tu. La kwanza ni la kutomwaga damu. Hilo lilinifunga mikono. La pili ni la kutokataa ombi. Siku ya tisa, wakati wa kula, niliacha kutafuna. Maisha yangu yote sikuwahi kuomba kitu kwa kinywa changu mwenyewe, ndiyo maana nilikuwa sijaliona.

Mavuno yalipoanza Shamte aliweza kutembea kwa kuchechemea, na kidonda kilikuwa kimefunga juu ila ndani bado chekundu. Nilimkuta anajipaka mafuta ya nazi. Nikakaa mbele yake.

"Ndugu yangu," nikasema, "nina ombi."

Uso wake ulifunguka kama wa mtoto. "Sema, ndugu yangu. Tangu tuchanjiane hujaniomba hata tumbaku."

"Uubebe wewe mzigo wa turubai mpaka Kibiti. Na usiutue, wala usikae, mpaka nitakapokwambia."

Aliutazama mguu wake. Alikuwa bado mnyapara wangu. Angeweza kucheka, angeweza kunikumbusha yeye ni nani na mimi ni nani, na kambini wangemsikiliza. "Na wewe?" akauliza.

"Mimi nitapumzika."

Akakubali kwa kichwa. Bi Hija alitufungia pepeta kwenye ukindu, akanivuta kando, akaniambia mguu wa yule haujapona. Nikamjibu kwamba najua. "Basi nenda polepole, mume wangu," akasema, nami nikamwambia ndivyo nitakavyokwenda.

Mtumbwi ulitushusha mwisho wa maji alfajiri. Nilimtwika turubai mwenyewe. Kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa juu, kiboko chake na pembe yake nilivishika mimi, na kibuyu cha maji pia. Sijawahi kusafiri kwa raha kama siku ile, na sitaki kudanganya katika hili. Kila penye kivuli nilikaa. Nilinyoosha miguu, nikalegeza mabega, nikasikiliza njiwa. Nilikula pepeta punje kwa punje. Niliwatazama siafu wakivuka njia mpaka wa mwisho wao. Pahala pamoja nililala kabisa, nikaamka jua limesogea, na Shamte yuko palepale mbele yangu, amesimama, mzigo kichwani, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la uso, amenyanyua kidogo mguu mbovu kama korongo. Nikanyoosha mkono nikanywa maji polepole. Nilikuwa na jumla ya miezi tisa ya kutokupumzika, na niliipumzika yote siku ile, mbele ya macho yake. Walipita wanawake watatu na matenga ya mpunga, wakasimama kutushangaa, mtu wa koti chini ya mzigo na kijana wa kaniki amelala. Mmoja akasema, "Haya, leo punda kampanda mtu." Mwingine akamuuliza Shamte kwa nini asitue. Shamte akamjibu bila mzaha, kwa sauti iliyokauka, "Namngoja ndugu yangu apumzike." Raha yangu ikapungua kidogo hapo. Nilitaka anichukie.

Tulifika kwenye mikoche baada ya adhuhuri. Nilipajua kabla sijapaona, nyayo zangu zilipoanza kuzama mchangani. Nikamwambia atue na akae. Alipiga magoti kwanza, mzigo ukamwangukia pembeni, akaketi akiuegemea, kidonda kimefunguka na mchanga umeganda juu yake. Nikamuuliza kama anapajua hapa. Akaangalia huku na huku kwa juhudi, kama mwanafunzi anayetaka kumpendeza mwalimu.

"Ni njia ya Kibiti."

"Hapa ndipo alipokaa Mtupa."

"Mtupa yupi?"

Nikamwambia. Nilimwambia mzigo ulikalishwa chini upumue, nikamwambia kicheko, nikamwambia mbavu. Ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu kwa mara moja. Alinisikiliza macho yakimwelemea. "Walikuwa wengi," akasema, si kwa kiburi, kwa uchovu tu, na kabla sijajibu kichwa chake kikalala juu ya turubai. Akaanza kukoroma.

Nilisimama juu yake na kiboko chake mkononi. Nilikinyanyua. Nilikaa nacho hewani, na tumbo langu nikalisikia likianza kuvimba, au nilidhani nalisikia. Halafu nikakumbuka kwamba kiapo hakisemi neno lolote juu ya kumwamsha mtu. Mwaka ule simba wa njia hii walikuwa wamezoea mizoga, hawakuogopa tena watu, na hakuna msafara uliolala kule bila moto pande nne. Wamatumbi pia walikuwa wanapita, na koti la kaki walilijua. Nikaweka kiboko na pembe chini taratibu. Nikachukua kibuyu. Nikachukua chuma na jiwe la kuwashia moto kutoka mfukoni mwa koti lake, kwa vidole viwili, nisimguse. Nikaondoka kwa ncha za miguu, nikijali kila jani kavu, kama mama anavyomwacha mtoto aliyemsumbua kulala. Nilipofika mbali nilianza kwenda haraka, na mbele kidogo nilikuwa nakimbia, bila mzigo, kichwa chepesi, na nilisema kwa sauti, peke yangu njiani, nimekulipia, Mtupa.

Kambini nilimwambia shaushi kwamba mnyapara anakuja nyuma. Jua lilikuwa linazama. Hakuna aliyejali. Nililala kwenye banda la wapagazi usingizi ambao sijaupata tena, na asubuhi niliamka nina njaa, nikapanga foleni ya uji nikiwa na furaha iliyonifanya nizungumze na watu. Nilikuwa namweleza mtu wa Ikwiriri habari za pepeta ya Bi Hija pale alipoacha kunisikiliza, akatazama nyuma yangu. Shamte alikuwa anaingia kambini. Mzigo wa turubai ulikuwa kichwani mwake. Alitembea kwa upande, mguu mbovu unaburura, midomo imepasuka. Alimpita shaushi bila kusimama, akawapita askari, akaja moja kwa moja kwenye foleni ya uji, akasimama mbele yangu, na wapagazi wote wakajisogeza kando kwa mazoea ya kumwogopa.

"Mnamwona huyu," aliwaambia. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Miezi yote ya vita hivi, nikifumba jicho tu, mtu ananiamsha. Shaushi ananiamsha. Ninyi mnaniamsha kwa vilio vyenu. Jana nimelala kwenye njia ya Kibiti mpaka nikashiba usingizi, kwa sababu huyu hakuniamsha. Alichukua hata kibuyu, kisije kikanigonga. Huyu ndiye ndugu."

Hakuna aliyecheka. Nilitafuta usoni mwake dalili ya kejeli, kwa hamu, kama mtu anayetafuta maji. Haikuwepo. Alikuwa ananitazama macho mekundu yamejaa machozi, na mzigo unayumba juu ya kichwa chake.

"Na mimi nina ombi," akasema. "Nitue, ndugu yangu."

Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwangu. Wapagazi wote walikuwa wananiangalia. Nikaliweka chini, nikanyoosha mikono, nikamtua.